Bosi Kalowa Mbele ya Wageni

Mwenzangu, bosi kalowa! Kalowa chapachapa!

Si unakumbuka alivyofuta programu yangu ya kusoma sensa ya presha ya maji kwenye ile bodi ya Linux, kile kikompyuta kinachoongoza vali, akaweka yake? Nilimwambia, "Yako inafungua faili la sensa upya kila inaposoma, inapoteza muda. Vali ya kupunguza presha itachelewa kufunguka." Akanicheka kikaoni: "Mama Haraka, kwani tunashindana mbio?"

Leo kasimama kando ya bomba kavaa suti mpya, anajigamba kwa wageni. Pampu ikawashwa. Presha ikapanda, vali haijashtuka. Mpira wa maji ukachomoka, maji yakampiga usoni!

"Zima! Zima pampu!"

Swichi iko mkononi mwangu mimi. Nikamjibu polepole, "Subiri kidogo bosi, bodi yako bado inasoma."

Nimezima niliporidhika.