Nyakanga Mmoja wa Kijiji Hiki

Bibi, mke mwenzangu kama ulivyozoea kunitania,

Arobaini yako imepita na mimi sikutia neno. Wenzangu walikusifia, kila mtu na lake, nami nikajifanya nimebanwa na masufuria ya pilau. Leo nakuandikia kutoka Mtwara mjini, kwenye meza ya ofisi, kwa sababu nimechoka kuonekana mtu mwema.

Nimepata kazi, Bibi. Ni ofisa wa elimu ya afya. Nawafundisha kina mama kunawa mikono na kuwahi kliniki, nao wananiita mwalimu. Kila wakiniita hivyo, nafsi inanisuta.

Unakumbuka nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar? Ulinitumia kiroba cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa abiria wa basi, mvua ikakata barabara huko Rufiji, kikafika siku ya nne. Tuliila bwenini kwa mikono, tukacheka. Yule abiria alinipa na salamu zako: "Mwambie asome, ila asijisahau."

Muhula ule nilipenda masomo mawili, elimu ya afya ya jamii na falsafa. Siku moja mwalimu wa falsafa aliuliza kama ahadi ya mtoto inamfunga akishakuwa mtu mzima. Nikasimama, nikasema haimfungi, maana mtoto hajui anachoahidi. Nilipigiwa makofi. Kumbe mwenzio kichwani nilikuwa na unyago wangu, ule uliouongoza wewe nyakanga wetu, na kiapo nilichokula mbele yako kwamba mambo ya wanawake hayatatoka nje. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ile darasani nikajiona nimefunguliwa.

Ndipo nikaandika ile kazi ya utafiti. Nilitaka ing'are. Nikaweka nyimbo ulizotufunda, na maana zake, na mengine ambayo siandiki tena, hata humu. Lakini utafiti haukubali kusema "nayajua kwa kuwa nilichezwa unyago", unataka mtu uliyemhoji. Nikamtunga. Tena tulifundishwa tufiche jina la mtu huyo asije akadhurika, nami nikalificha kwa uangalifu wote, nikaandika "nyakanga mmoja wa kijiji hiki". Bibi, kijiji kizima nyakanga alikuwa nani kama si wewe? Mimi msomi wa falsafa, hilo halikunipitia akilini. Nilipata alama za juu kabisa.

Likizo ile nilikuja nyumbani Mpapura, na kazi yangu ikanifuata. Nakala ilikuwa imefika wilayani, na bwana afya mgeni akaja nayo kwenye mkutano wa kijiji, pale shuleni. Jina la mwandishi hakulisoma, alisema tu ni utafiti wa chuo kikuu. Kisha akaanza kusoma zile nyimbo. Mbele ya wanaume, Bibi! Mbele ya wakwe! Wanawake wakajifunika kanga nyuso.

Bi Zuhura, shoga yako wa miaka yote, akainuka. "Nani katoa haya?"

Bwana afya akatazama karatasi: "Hapa wameandika nyakanga wa kijiji."

Wote wakakugeukia. Wewe ukanigeukia mimi, mara moja tu. Ulijua hukuwahi kuhojiwa na mtu, na ulijua nani yuko chuo kikuu. Nikainamisha kichwa. Nikakusikia: "Mie. Mwenye kulaumu anilaumu mie."

Nami nimekaa kwenye benchi, nikakuacha ubebe lawama.

Mwaka ule wali, wasichana wa kuchezwa, wakapelekwa kwa nyakanga wa kijiji cha pili. Na mwaka uliofuata. Ulibaki uani ukimenya mihogo peke yako, hodi hazipigwi. Nilingoja unitukane, hukunitukana. Siku naondoka ulisema tu, "Nenda, gari litakuacha." Laiti ungenipiga.

Ulikuwa ukisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka mitatu, mpaka umekufa.

Na hilo si la mwisho. Siku ya maziko, Bi Zuhura alitoka kukuosha, macho mekundu, akanishika mkono. "Bibi yako alikuwa mtu," akaniambia, "mdomo tu ndio ulimponza." Unajua nilijibu nini? Nilijibu, "Ndiyo, bibi." Umelala chumba cha pili, sanda bado haijafungwa, nami nikakusingizia mara ya pili. Naona haya, Bibi. Naona haya hata kuliandika jina lako.

Wiki ijayo wali wanatoka, na binti wa dada yangu yumo. Nakuahidi nitaingia ndani kwa wanawake, kabla ya ngoma, pasipo mwanamume. Nitamwomba Bi Zuhura akae, kisha nitasema kila kitu, na kwamba mtoaji ni mimi. Ile hoja ya darasani iliyopigiwa makofi siibebi. Wakinitoa nje nitatoka, na wakisema nisimguse mwali nitakubali, ingawa yule mtoto nampenda kama wangu.

Kwaheri, Bibi. Mungu akutie kauli thabiti. Nitawaambia pia kuwa miaka yote niliyoishi nawe nilikusikia ukisema uongo mara moja tu, pale shuleni, na ulikuwa wa kuniokoa mimi.

Mjukuu wako,
Somoe