Tuisheni ya Mwalimu Brayson

Olasiti, Arusha
Jumapili mchana, Aprili

Dada yangu mpendwa Agnela,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Machame, na goti la mama limetulia kidogo na mvua hizi. Sisi hatujambo. Mlima Meru hatujauona wiki nzima kwa mawingu, na nguo zinakauka kwa huruma ya Mungu tu. Ndizi ulizotuma zilifika salama, tumezila tukikutaja kila siku.

Mwili wangu mzima, dada, lakini roho haina raha. Nina wivu. Wala si wivu wa mume. Nelson unamjua, akipata mpira kwenye televisheni hana habari na mtu. Namwonea wivu kijana mmoja anayeitwa Brayson, anayefundisha tuisheni ya kemia kwenye darasa la Shule ya Jumapili pale kanisani. Hata ndevu hazijamjaa.

Mimi nafundisha kemia tangu Prisca hajazaliwa. Watoto wa watu wanatoka Nduruma kuja kuniuliza maswali. Sasa mwanangu wa kumzaa mwenyewe, mtihani wa kidato cha sita ni mwezi ujao, na udaktari anaoutaka umekwama kwenye kemia hiyo hiyo, anapita kwa baba yake kuomba ruhusa aende kwa Brayson! Akirudi ni Mwalimu Brayson kasema hivi, Mwalimu Brayson kasema vile.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nilijidanganya kwamba nampelekea mtoto mwavuli, nikajibanza chini ya dirisha la darasa, mama mzima na kanga yangu kichwani, nikingoja yule kijana akosee.

Somo lilikuwa jinsi klorini inavyoingia kwenye methani. Nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaielewa aibu yangu. Methani ni kaboni moja iliyoshikwa na haidrojeni nne, imetulia, haina ugomvi na mtu. Klorini zinatembea mbili mbili zimeshikana. Zichanganye gizani, hakuna kitu. Weka juani, mwanga unaziachanisha zile klorini, na kila moja inabaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Hiyo pweke haina subira, inampokonya methani haidrojeni na kuondoka nayo. Methani iliyopokonywa, ambayo sasa tunaiita methili, nayo imekuwa pweke. Inavamia klorini mbili nyingine, inachukua moja, na ile iliyoachwa inaenda kupokonya kwingine. Mwanga umeanzisha tu, mengine yanajiendesha mpaka pweke wawili wakutane na kushikana.

Walimu wachanga wengi hukosea hapo, husema haidrojeni inabaki inazurura peke yake. Nikamngoja hapo hapo. Hakukosea. Nilichukia, dada, nisikufiche.

Kisha akawauliza kwa nini, baada ya yote, kunaonekana ethani kidogo, yenye kaboni mbili, wakati walianza na kaboni moja. Darasa kimya. Yeye akakunja mikono akatazama sakafu. Kimya kikazidi. Mimi nikapaza sauti kutoka dirishani kwamba ni methili mbili zimekutana zikashikana!

Darasa zima likageuka. Brayson akaja dirishani, akaniamkia kwa adabu, akasema nimepata. Prisca alikuwa amelaza uso juu ya dawati.

Tulitembea na Prisca mpaka karibu na nyumbani. Ndipo akasema jibu alikuwa nalo, na mkono ulikuwa unaanza kwenda juu, mara yake ya kwanza tangu aanze tuisheni. Akasema yeye ni mzito wa kufikiri lakini hufika, na Mwalimu Brayson humngoja. Mimi nyumbani nauliza na kujibu mwenyewe kabla hajameza mate.

Kwa hiyo kemia ya yule kijana hainizidi hata kidogo. Kanizidi kunyamaza, na kwa hilo namwonea wivu kuliko mwanzo.

Sasa nikwambie ukweli wa barua hii. Baada ya ibada nilimwomba Prisca anipe nafasi ya swali moja tu: akitaka ipatikane methani yenye klorini moja peke yake, zisiingie mbili wala tatu, atafanyaje? Yuko mbele yangu mezani, kalamu mdomoni. Mdomo wangu unawasha. Ndiyo maana nimechukua karatasi nikaanza kukuandikia, mikono ipate kazi. Afadhali nikunong'oneze wewe: aweke methani nyingi kupita kiasi, ili kila klorini pweke ikigeuka ikutane na methani ambayo haijaguswa. Nimelitema, nimepata nafuu.

Msalimie mama, shemeji na watoto wote. Mungu awatunze. Ningeishia hapa, lakini nitakuandikia na habari za ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye mchicha wangu, na harusi ya Elihuruma, na mahubiri ya leo yote.

Bado anafikiri.

Mdogo wako,
Anneth