Kesi ya Nyumba ya Papa Imerudi kwa Msuluhishi

Alhamisi, jioni

Na mimi niliyekwisha kufunga nguo zangu! Nilijua leo jaji atakata kesi, na mimi au mdogo wangu Saidi tutafukuzwa katika nyumba aliyotuachia papa, baba yetu.

Bon, hakukata. Alisoma uamuzi wa msuluhishi aliyeteuliwa na mahakama, akauliza kwa nini hamna neno langu hata moja. Nikasema ukweli: siku msuluhishi aliposikiliza, sikuitwa.

"Alors," jaji akasema, "kesi inarudi kwake. Awasikilize wote wawili."

Wakili wangu alinuna. Mimi nilishusha pumzi.

Nje, Saidi akanifuata. Miaka miwili tunapishana uani bila salamu.

"Yaya, mukubwa wangu, hata mimi nilikuwa naogopa."

"Sasa utamwambia nini msuluhishi?"

"Chumba ya mama iko yako. Uniachie tu mulango ya barabara, ndipo nauzisha vitanda."

Mlango huo sina haja nao. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Mke wake bado hajakubali tugawane hivyo, hilo linanisumbua. Lakini tumerudi kwa pikipiki moja, na Saidi amekula kwangu. Sombe yangu ya majani ya muhogo ilizidi chumvi. Amemaliza sahani, akaomba nyingine.