Bakuli Langu la Fedha Limeenda kwa Wakwe na Pilau

Shangazi Margaret, salamu nyingi kutoka Champlin, na tafadhali nisome hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu mume wangu tayari amecheka mpaka akaenda kukaa garini.

Mimi naitwa Makena, ni nesi, na tangu nihamie huku nina ugonjwa mmoja tu, vyombo vya mezani vya fedha vya zamani kutoka Uholanzi. Wenzangu wakipata off wanalala, mimi nina-drive kwenda kwenye zile nyumba ambazo mwenyewe amehama au amefariki na jamaa zake wanauza vitu, nasimama pale napindua kijiko kimoja kimoja nikitafuta kile kisimba kidogo, alama ya simba iliyogongwa nyuma, maana ukikiona hicho unajua ni fedha ya Kiholanzi kweli, na nikikipata moyo unanidunda kama mtoto aliyeona jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Nina vijiko vya chai vyenye vinu vya upepo kwenye mpini, nina koleo za sukari, nina sepetu ya keki yenye maua, na Gitonga mume wangu husema mimi ndiye mke pekee Minnesota anayelisha kabati.

Sasa mfalme wa hilo kabati ni bakuli lenye umbo la yai na masikio mawili, nililipata mji wa Plymouth likiwa jeusi kama sufuria ya kuni, nikalisugua kwa kitambaa laini mpaka maua yake yakatokea, na mzee aliyeniuzia akanieleza kwamba kwao Uholanzi ya kaskazini, zamani, mtoto akizaliwa au watu wakioana, lilijazwa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye pombe kali, likapita mkono kwa mkono, kila mgeni akachota. Kijiko chake cha kuchotea nilikuja kukipata mahali pengine, nikakiweka kando yake, na hapo ndipo vilipokaa, na hakuna mtu aliyewahi kula humo, hata mimi.

Binti yetu Keziah anataka kuolewa na Ntwali, kijana mpole, wazazi wake ni wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki, wanakaa mtaa wa Phillips. Mama yake, Bernardine, ni mama wa maombi, pombe hataki hata harufu yake, na hakuutaka huu mpango, alitaka msichana wa kwao anayejua lugha yao, na siku walipokuja kwetu kujitambulisha alikaa na koti lake la baridi mwilini kuanzia salamu hadi chakula, na wewe unajua mgeni asiyevua koti ndani ya nyumba yenye hita amekwambia nini. Keziah alikuwa anaenda jikoni kufuta machozi na kurudi akitabasamu.

Jikoni nilikuwa nimemwachia Njeri, rafiki yangu wa kanisani, mwanamke wa kazi, huyo hata harusi ya watu mia tatu anaipikia bila kukunja uso. Wageni walipoanza kuaga, Njeri akaanza kuwafungia chakula kama ilivyo desturi, vikontena vya plastiki vikamwishia, na mama wa kijana hajafungiwa chochote, basi akaangaza macho, akaona bakuli langu pale juu kabatini, akadhani ni bati zuri, akalishindilia pilau, akalifunika na foili, akatoka nalo nje ambako mimi nasindikiza watu, akapiga goti kidogo, akamkabidhi Bernardine kwa mikono miwili. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi, Shangazi, nikapiga kuliko wote, kwa maana sikujua kilichomo chini ya ile foili.

Niliporudi ndani nikaona kijiko kimebaki peke yake. Nilikaa sakafuni.

Nikajipa moyo, nikasema chombo cha watu hurudi, na kwetu sisi na kwao pia hakirudi kitupu, kwa hiyo nitulie, litarudi na maandazi. Badala yake ikaja simu. "Mama Keziah, vraiment, kweli kabisa, mumetuonyesha mapendo. Mimi nilikuyaka na roho mugumu, na wewe unanipatia kitu ya feza, ya masikio mbili, ni kusema moja ya kwenu, moja ya kwetu. Nimeelewa. Nitaiweka mpaka wajukuu." Mimi nikasema amina. Ningesema nini?

Tangu siku hiyo ni furaha tupu upande ule. Bernardine anamwita Keziah binti yangu, anamfundisha maneno ya kwao kwa simu, wanacheka wawili hadi saa za kazi zinampita mtoto. Ametutumia picha, bakuli liko mezani juu ya kitambaa kilichodariziwa, limejaa maziwa, na wazee wa kwao wanapokezana kunywa. Tulipoenda kusali nao akanisimamisha mbele ya kanisa zima akasema huyu ndiye mkwe wangu aliyenitolea cha thamani, wakanipigia makofi, na hapo ndipo lilipoanza kuniuma, nashukuriwa kwa kitu ambacho sikukitoa, na wakati huohuo nakitaka.

Gitonga anasema ni rahisi, nimnong'oneze tu kwamba lilikuwa la pombe, litarudi kesho yake asubuhi. Keziah alimsikia, akasema kwa Kiingereza chake kwamba tukithubutu hatatusamehe. Njeri analia kila akiniona. Nifanye nini, niliombe polepole, nimbadilishie lingine, au ninyamaze nife na kijiko changu?

Makena, Champlin

* * *

Mama Keziah,

Nimecheka, samahani. Hasa pale pa vigelegele. Nilipokwisha kufuta machozi ndipo nikakuonea huruma, maana mimi nakusanya vikombe, na najua mtu anavyoweza kupenda kitu kisichosema.

Lakini wewe mwanamke una bahati na hujui kuipokea. Mkwe aliingia kwako amejifunga koti, akatoka akiwa mama wa binti yako. Kuna watu wanafunga na kuomba miaka juu ya mkwe wa namna hiyo na hawampati, wewe umempata kwa pilau. Halafu unaniuliza habari za kubadilisha bakuli. Umbadilishie na nini, na atawaambia nini wazee waliokwisha kunywa humo?

Mumeo mwambie hivi kutoka kwangu: akili ya kumwaibisha mama wa maombi ili bakuli lirudi aiache hukohuko garini. Ndiyo, habari ya zile zabibu za pombe atakuja kuijua, na utamwambia wewe, siku mkiwa mmekaa wawili mnachambua mboga, na atacheka kwa sababu atakuwa anakupenda. Ukimwambia leo ili akurudishie, unamchapa nayo.

Sasa tuje kwenye kinachokuuma, maana hapo umesema kweli. Unashukuriwa kwa zawadi ambayo hukuitoa. Basi itoe. Ni nani aliyekwambia muda umepita? Bakuli liko kwake, lakini moyoni mwako bado liko kabatini, na ndiyo sababu kila wakipiga makofi yanakuchoma. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na huo moyo Njeri hakuweza kukufungia kwenye foili.

Umeniandikia mwenyewe kwamba lile bakuli lilitengenezwa lipite mkono kwa mkono watu wakioana. Kwako lilikuwa linaangalia ukuta. Phillips wanalinywea maziwa ya uchumba. Wewe mjuzi wa visimba vidogo, hilo hukuliona?

Fanya hivi. Off yako ya kwanza usiende kupindua vijiko vya watu. Chukua kile kijiko, kifunge kwenye kitenge kizuri, uende Phillips wewe na Njeri, naye aache kulia, amewafanyia posa bila malipo. Mpe Bernardine kijiko kwa mkono wako mwenyewe, useme, "Hiki ni cha lile bakuli, na vyote viwili ni vyako." Useme kwa sauti, ujisikie ukisema. Kisha mweleze habari ya vikontena vilivyoisha, usifiche kitu, Njeri awepo aitikie. Nakuhakikishia hatakurudishia, na hapo litakuwa lake kwa haki.

Utaumia njiani kurudi, sitakudanganya. Umia kidogo, halafu endelea kukusanya, maana Mungu hajakataza vijiko. Ila nunua vikontena vya kutosha, na siku ya mazungumzo ya mahari wape watu pilau kwa hivyo vijiko vyako vya vinu vya upepo, wavitumie, vikwaruzike.

Na Bernardine akikuchotea maziwa kutoka bakuli lile siku utakayopeleka kijiko, usionje tu kwa adabu. Vua koti, ukae, unywe.

Shangazi Margaret