Masale ya Njia ya Farasi

Jumamosi, 31 Mei 2025

Msaragambo leo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mvua imekula njia yote ya farasi, kutoka zizini mpaka mtoni. Tope, miiba, migomba imelala. Siku ya msaragambo Mama Hellen mwenye farasi halipi mtu. Unakuja kwa kupenda, na panga lako. Tulifika tisa. Watu wanakuja kwa sababu wageni wanapita na farasi lakini watoto nao wanapita kwenda shule, na akina mama wanateremsha ndizi.

Wenzangu walishuka kutengeneza daraja la magogo. Julius akasema mwacheni Shedrack huku juu peke yake, huyu hana mdomo, atafyeka haraka. Wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo.

Nikabaki pale njia inapopita kati ya kihamba cha Bamdogo Efraimu na cha Bibi Eliona, mashamba yao ya urithi. Mpaka wao ni masale, mimea ya majani marefu, mstari mmoja, ya zamani sana. Njia iko upande wa Bamdogo, nyembamba. Wageni wakipita magoti yanakwaruza kwenye masale.

Nilikuwa natoa miiba tu. Isale mtu hafyeki hovyo, ndilo mpaka na ndilo la kuombea msamaha, hilo hata mtoto anajua. Bamdogo akaja. Akasema ng'oa, mwanangu, ng'oa na mizizi, visiki vitavunja miguu ya farasi. Nitayarudisha mwenyewe.

Nikang'oa. Thelathini na kitu. Nikayapanga vizuri pembeni, mizizi upande mmoja, yasikauke. Nilijua atarudisha palepale!

Saa kumi na moja nipo zizini nampiga brashi farasi Doa. Nikamwona Bamdogo kule chini anapanda masale. Mbona ameingia ndani hivyo? Labda ni macho yangu.

Kiburu cha ndizi na maharage kilikuwa kizuri. Nilikula sahani mbili.

Jumapili, 1 Juni

Nimepima kabla ya ibada. Hatua nne. Hatua nne ndani kwa Bibi Eliona, mstari wote. Mashimo ya pale nilipong'oa yamefukiwa na majani yamemwagwa juu.

Bibi hayupo. Yuko Mawenzi hospitali, macho.

Jumatano, 4 Juni

Wageni wawili, mume na mke. Nilimvuta Doa, yule mama juu yake. Mumewe juu ya farasi mwingine, Koti, nyuma.

Pale kwenye mpaka njia sasa ni pana, gari linapita. Lakini Doa hakuingia kwenye upana. Alienda na ukingo wa zamani, shingo ameikunja kama kawaida, kama masale bado yapo yanamchoma. Nikamvuta upande wa Bibi. Akagoma. Miguu minne imesimama, masikio nyuma. Yule mama akacheka, akasema kwa Kiswahili chake "farasi nakataa". Koti naye akafuata palepale.

Hakuna cha kucheka. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Hili ni daftari la dawa za farasi, lakini kurasa za nyuma hakuna anayezisoma.

Ziko nyayo za farasi zimechora mpaka wa zamani mstari mzima. Jioni nilichukua fagio nikazifuta.

Kwa nini nimezifuta? Hakuna aliyenituma.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi Bamdogo ananisaidia kukata majani ya ng'ombe. Hajawahi kunisaidia. Akasema baba yako alikufa hajakuachia kitu, mimi si mtu mbaya, nimeona ukubwani mwako usikae jikoni kwa mama yako. Kile kipande cha njiani ni chako. Jenga.

Nikasema kipande gani?

Akasema usinifanye mtoto.

Kumbe mama ameshaambiwa. Nimemkuta anaimba. Amechinja jogoo! Jogoo wetu mmoja. Anasema mwanangu utapata mke sasa, mtu asiye na kihamba nani atampa binti. Amenipa paja na firigisi, ananiangalia nikitafuna. Sikuweza kumwambia kitu.

Miaka ishirini na mbili nasubiri kuambiwa neno hilo, jenga. Na limekuja hivi.

Hapo kwenye hizo hatua nne ndipo maji ya mfongo, mfereji wa mlimani, yanaingia kwa Bibi Eliona. Akitaka kumwagilia sasa itabidi aombe. Aniombe mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Bibi amerudi. Jicho moja limefungwa bandeji nyeupe. Nilikuwa narudi na Doa kutoka kumnywesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Simama hapo."

Nikasimama. Ana mzigo wa majani kichwani, hakuushusha. Akaangalia masale. Akaangalia Doa. Akaniambia mpitishe. Nikampitisha, na Doa akaenda ukingo wake uleule. Bibi akasema mrudishe. Nikamrudisha. Vilevile.

"Huyu ana akili kuliko watu wa hapa," akasema. Akaenda zake.

Bamdogo alikuwa mgombani, amesikia. Akapiga kelele, Bibi Eliona, macho yenyewe umetoka kutengenezwa juzi, mpaka gani unauona wewe? Pona kwanza!

Watu wawili waliokuwa wanapita wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamvuta Doa zizini.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeitwa kwa Mzee Gidioni, mwenyekiti wa kitongoji. Bamdogo, Bibi, mimi. Mzee akauliza siku ile nani alikuwa sehemu ile? Wote walikuwa darajani, Shedrack peke yake. Haya Shedrack, sema.

Nilisimama. Nikafungua mdomo ikatoka hewa. Bamdogo akadakia – mzee, unamjua kijana huyu, aliishia darasa la tano kwa sababu hiyohiyo, mwalimu akimuuliza analia. Masale yamerudi yalipokuwa, basi.

Bibi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Mzee Gidioni si mtu wa haraka. Alikunywa chai kwanza. Mwisho akasema sitaki maneno ya Shedrack. Nataka miguu yake. Jumapili baada ya ibada wote tutakwenda mpakani, na yeye atasimama pale alipong'oa isale la kwanza. Hapo anaposimama ndipo mpaka.

Miaka yote nimejificha kwenye kutoongea. Sasa wameona mlango wa nyuma.

Nikisimama pa kweli, mama na mimi tunalala wapi? Nyumba ni ya Bamdogo. Jiko ni la Bamdogo. Hata hii kazi ya farasi Bamdogo ndiye aliniombea kwa Mama Hellen. Nikisimama pa uongo, nitajenga hapo. Nitaamka kila siku hapo.

Na kuhama? Niende Moshi mjini nikafanye nini? Najua farasi tu.

Ijumaa, 13 Juni

Bamdogo ana akili sana. Leo amekata isale moja, bichi, ameliosha maji. Amenipa mbele ya mama.

Akasema kesho asubuhi mpelekee Bibi Eliona. Mwambie ni kosa lako, ulifyeka kwa ujana, unaomba yaishe. Akilipokea yameisha. Nani Mchaga amekataa isale? Mzee Gidioni mwenyewe hawezi kuitisha watu juu ya jambo lililopewa isale. Hutasimama popote Jumapili, mwanangu. Nimekuondolea mzigo.

Mama akasema asante shemeji. Kwa mikono miwili.

Na kweli, kidogo nilifurahi. Naandika ukweli. Kusimama mbele ya watu wote – sitaki. Halafu nikaelewa. Bibi akilishika tu, hatua nne zimeondoka na maji yameondoka, na hawezi tena kuuliza. Mimi ndiye nampelekea kamba ya kumfungia mdomo.

Jumamosi, 14 Juni

Niko kwa Bibi Eliona. Nimekaa kwenye benchi lake, nje. Doa nimemfunga kwenye mparachichi, nilimpitia zizini, sikuweza kuja peke yangu.

Nimemsalimia, nimelitoa isale, nimelishika mikono miwili. Hakulipokea. Hakulikataa pia. Akauliza, "Aliyeng'oa ni wewe?"

Nikasema ndiyo bibi.

"Hilo nimekusamehe tangu Jumatatu. Aliyepanda ni nani?"

Nikaligeuza isale mikononi.

"Isale la aliyeng'oa nalipokea saa hii. Isale la aliyepanda alilete mwenyewe, kwa miguu yake. Sasa hilo ulilonalo mkononi ni la nani? Ukiniambia ni lako, nalishika na sitasema neno mpaka naingia kaburini. Unanijua."

Akaniambia kaa, fikiri, mimi nakamua ng'ombe. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nasikia maziwa yanapiga ndoo. Isale liko mapajani. Nimefikiri kulitupa mgombani – lakini isale hutupi. Kurudi nalo nyumbani ni sawa na kusema si langu. Kumpa ni sawa na kusema ni langu. Kukaa hapa nalo ndiyo siwezi kwa muda mrefu.

Doa ameinua masikio. Mtu anakuja. Ni Bamdogo, koti la kanisani, na mama nyuma yake amebeba ndizi kwenye kapu. Wamekuja kusherehekea! Bamdogo anapita katikati ya zile hatua nne, anaita, "Shedrack! Ameshapokea?"

Maziwa yamenyamaza. Bibi ametoka na ndoo, amesimama mlangoni mwa banda, jicho moja.

Wote wanangoja mimi. Nimesimama. Kalamu bado iko mkononi; kwa mkono mwingine namnyooshea Bamdogo isale lake.