Kesi ya Chang'aa Haikuwa ya Sue

Dada Wariara,

Simu ilizima hadithi yangu ikiwa imefika kortini Nakuru, si ndio? Sasa sikia. Unakumbuka vile Mama Lewis aliambia wamama wa kanisa ati Sue wangu alishikwa na chang'aa, ile pombe haramu, huko Rongai, mpaka mchumba wake Kiplimo akakataa kumuoa? Nikamwambia karani, "Boss, nitafutie hiyo kesi." Akapekua rejista yote, hakuna Sue. "Lakini mathe, wa chang'aa Rongai mwaka huo unaosema ni huyu mmoja tu." Kusoma jina, ni Tabby, Mama Lewis mwenyewe! Alishikwa yeye, akakubali makosa, halafu akaenda kuvalisha mtoto wangu hiyo kesi!

Nilicheka mpaka karani akaniletea kiti. Nikatoka na kopi imepigwa muhuri ya korti. Jumapili huyo mama anafanywa mwenyekiti wa wamama. Nimetoa kopi thelathini, kila kiti kanisani na yake.

Huku viazi imekubali, na ile ng'ombe... ngoja, kuna mtu anaita kwa geti.

"Mama Sue! Niazime sufuria zako za sherehe!"

Woi, ni Mama Lewis! Wacha nimpelekee. Kopi yake namwekea ndani ya ile sufuria kubwa.

Ni mimi dadako, Mama Sue