Mama Kanishinda Kubana Chuma

"Andika naoga mwenyewe!" Mama anamfokea mtafiti wa chuo kikuu, wakati mimi ndiye niliyemsugua mgongo leo asubuhi. Nikamwambia, "Mama, usiwadanganye watu na utafiti wao." Akanijibu, "Umeulizwa wewe?"

Shoga, sikia sasa.

Wana chuma cha kubana kwa mkono, wanapimia nguvu za wazee. Mama na miaka yake sabini na tisa akabana kilo kumi na tisa. Nikacheka, nikasema hicho kibovu, lete nijaribu.

Kumi na nne. MIMI!

Tukarudia. Kumi na nne tena. Mtafiti akaniuliza polepole, "Dada, mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?" Mama akadakia, "Huyo hajalala tangu nianguke bafuni. Mwandikeni yeye."

Hakuwa anatania. Kumbe ile "naoga mwenyewe" ni kunionea huruma, hataki aonekane mzigo kwangu.

Nikampigia kaka palepale. Akaanza wimbo wake wa kazi zimembana. Nikamwambia fungua geti, tuko njiani.

Mama nimeshamshusha kwake na begi lake, wiki mbili nzima. Mimi niko kitandani, viatu sijavua. Usinipigie.